Kabla hujaamini rivyu inayoponda kontroli za gemu

Kwenye mabanda ya kuchezea PS (PlayStation) hapa Kirumba, Mwanza, haiishi wiki hujasikia mtu anasema gemu fulani mbovu, kontroli nzito, nimesoma rivyu, yaani tathmini ya waliyoicheza, wameiponda, na dogo aliyekuwa anajichanga ainunue anaghairi hapohapo. Usighairi, pima kwanza.

Anza na padi, kile kidude cha batani unachoshika kuchezea. Iweke mezani usiishike kabisa, ingia kwenye gemu, tazama mchezaji wako. Kuna banda nilikuwa nacheza karibu na Mwaloni, beki wangu anatembea mwenyewe taratibuu kuelekea kushoto, wiki mbili nzima nalaumu gemu kumbe stiki, kile kijiti cha kusukuma kwa gumba, imelika kwa ndani, nilivyopewa padi nyingine beki akasimama pale nilipomuacha. Halafu ingia setingi za tivii uwashe gemu modi, ile ya kuchezea gemu, maana tivii nyingi zinaichakata picha kwanza ndo zinaionyesha, wewe umeshabonyeza shuti inakuja kuonekana baadaye. Hapo gemu haina kosa.

Ukishatoa hayo, angalia mazoea ya mkono. Aliyekulia PES, gemu ya mpira, anapiga shuti kwa batani ya skwea, sasa mpeleke FC, gemu nyingine ya mpira, ile iliyokuwa FIFA, shuti ni duara na skwea ni krosi, amebaki yeye na kipa anapaisha mpira juu halafu anasema kontroli za hovyo. Mwache acheze siku kadhaa, au abadilishe batani kwenye setingi, ndo umuulize tena. Na waandishi wa rivyu nao wana mikono yenye mazoea. Mwaka 2000 tovuti ya rivyu ya GameSpot waliiponda Alien Resurrection, gemu ya kupiga risasi ya PS1, kwa sababu stiki ya kushoto inatembea na ya kulia inaangalia, yaani vilevile tunavyocheza Call of Duty leo! Mwandishi hakudanganya, alieleza alichosikia mkononi siku ile, ila msomaji alihitaji kuambiwa kwamba ni kitu kigeni na sio kibovu.

Kisha jiulize ugumu wenyewe una kazi gani. Resident Evil ya 1996, gemu ya mazombi, ukibonyeza juu mtu wako anaenda mbele kule anakotazama yeye, sio juu ya skrini, wengi wanaichukia hiyo. Lakini kamera za mle zimefungwa sehemu moja moja na zinabadilika ghafla, kwahiyo ingekuwa unafuata skrini, kamera ikigeuka tu na wewe unageuka unamrudia zombi uliyekuwa unamkimbia. Rivyu isiyogusa hilo naiona haijamaliza kazi.

Ila kuna lawama mimi naziunga mkono bila kusita, hasa ya gemu kukataa kuhamisha batani. Mtaani kwetu kuna mvuvi kidole gumba cha kulia hakikunji, kwenye gemu inayoruhusu anahamishia shuti batani za juu, zile za ukingoni mwa padi zisizotumia gumba, na anakufunga vizuri tu, kwenye isiyoruhusu anakaa benchi anatazama wenzake. Mwandishi akilipigia kelele hilo ana haki kabisa, na apige zaidi.

Unaposoma tafuta alibonyeza nini na kikatokea nini. "Kontroli mbovu" peke yake iruke. "Nikibonyeza kuruka wakati anakimbia anamalizia hatua kwanza ndo aruke, nadumbukia shimoni" hiyo unaweza kwenda bandani ukaijaribu mwenyewe. Na ukiandika ya kwako taja ulitumia padi gani, tivii gani, umecheza masaa mangapi na setingi zipi umegusa.