Ukoo wa maneno: namna ninavyofundisha kusoma pale dakani

Mjukuu wangu aliletwa kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na daftari lililojaa wino mwekundu. Imla ya maneno kumi, kapata mawili. Nikamkalisha dakani, yaani kwenye baraza la mlangoni, nikamwambia aniimbie silabi za shuleni. Akaimba zote, ba be bi bo bu mpaka mwisho, hakukosa hata moja. Kisha nikaandika "mu" peke yake sakafuni kwa chaki. Akanyamaza. Midomo ikaanza kwenda polepole: ma, me, mi, mo... "Mu, Bibi!"

Basi ugonjwa nikaujua. Mtoto alikuwa na wimbo, hakuwa na kusoma. Nimefundisha chekechea miaka mingi na wa namna hii nimewaona wengi, na dawa yake ni kuacha kumpa maneno moja moja na kumpa ukoo mzima wa maneno yanayohusiana.

Anza na silabi, lakini zivuruge. Mimi natumia vizibo vya soda, kila kizibo silabi moja kwa kalamu ya wino mzito. Chukua herufi chache tu mwanzoni, m, k, t na p zinatosha kabisa, na irabu zote tano. Watoto wetu wameshakwenda chuoni kusoma Kurani, wanajua kwamba herufi moja ya Kiarabu ikipewa alama za fatha, kasra na dhuma inatoa sauti tatu, a, i na u. Waambie huku ni mambo yale yale, ila tumeongeza e na o. Wanaelewa mara moja. Mwaga vizibo kwenye sinia, mtoto aokote kimoja na akitaje bila kupitia kwenye wimbo. Akianza kunong'ona ma-me-mi, kirudishe. Usiende mbele mpaka wimbo umtoke.

Halafu ukoo wa kina, yaani maneno yanayoishia kwa silabi moja. Weka kizibo cha "ka" kulia, kisitoke hapo. Kushoto badilisha: paka, taka, kaka, na ukishaongeza w na s, waka, saka. Mtoto anasoma maneno matano kwa kazi ya kusoma silabi moja moja mpya. Kwa Kiswahili jambo hili ni jepesi kuliko kwa Kiingereza, maana a yetu ni a popote utakapoikuta. Na Lamu vina hatufundishwi, tunazaliwa navyo. Bibi yangu mimi alikuwa akipepeta mchele huku anasoma utendi, shairi refu la masimulizi. Kipande cha utendi kina mizani nane, yaani silabi nane, kwa hiyo mtoto akipiga makofi manane amekwisha kukata maneno kuwa silabi na hana habari. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake kinachorudi ubeti hadi ubeti. Mpe vipande viwili, mwache atafute neno la kufunga cha tatu. Atakuletea neno la ajabu, lakini mwisho wake utakuwa sawa, na kwa siku hiyo mwisho ndio unaoutaka.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Katika yale maneno manane aliyokosa mjukuu wangu, matano hayakuwa makosa ya mtoto asiyejua. Aliandika mato, kitwa, mtele, ndia, yua. Kasikia macho, kichwa, mchele, njia, jua, akaandika anavyosema nyumbani, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Ukimwekea mkasi mwekundu wa kosa bila neno, anachojifunza ni kwamba masikio yake yana kasoro, na siku nyingine ataacha kuyatumia.

Mimi nachora mstari katikati ya ubao. Kushoto naandika "Nyumbani", kulia "Kitabuni". Mato, macho. Kitwa, kichwa. Mtanga, mchanga. Tini, chini. Nawaacha waangalie wenyewe mpaka mmoja aseme, "Bibi, te inakuwa che!" Ubao wa pili: ndia, njia, ndaa, njaa. Wa tatu: yana, jana, yua, jua. Hizo ni koo tatu, na zinabeba sehemu kubwa ya makosa ya imla ya mtoto wa Kiamu. Hakuna upande unaofutwa. Kushoto ndivyo tunavyoitana, kulia ndivyo tunavyoandika shuleni.

Lakini angalia. Wiki iliyofuata mjukuu wangu aliandika kwamba ana vitabu "vichatu". Alikuwa amejifunza kanuni akaipenda mno, te akaigeuza che hata pasipostahili, na chatu akaingia ndani ya daftari. Kwa hiyo ongeza kikapu cha yale yasiyohama: tatu, taa, tende, tano. Na kikapu cha yale yaliyo na che nyumbani na kitabuni: chombo, chakula, chuo. Mtoto apange vibao vyenye maneno haya katika vikapu hivi kila jioni, muda mfupi tu. Yako mengine ya kukaririwa kwa sababu ukikosea maana inageuka. Mtoto wa jirani aliandika insha, "Mama aliteka sana." Mwalimu wake, ambaye si wa huku, akauliza aliteka nini, maji au watu? Mtoto naye akateka zaidi.

Ukoo wa mwisho ni wa mzizi, na huu ni wa watoto walioanza kusoma sentensi. Chagua kitendo wanachokiona. Kwetu ni kusuka mikeka, basi: suka, sukia, sukwa, msuko, msusi, ususi. Kwa watoto wa wavuvi: vua, vulia, mvuvi, uvuvi. Andika mzizi kwa rangi moja, viambishi kwa rangi nyingine. Watoto watakuuliza kwa nini ka ya suka imekuwa si kwenye msusi, na usiwaambie "ndivyo ilivyo". Waonyeshe wenzake: pika, mpishi, andika, mwandishi, linda, mlinzi, penda, mpenzi, jenga, mjenzi, iba, mwizi. Ile i ya mwisho inailainisha konsonanti iliyo mbele yake. Ukitumia -aji haiguswi: chonga, mchongaji, jenga, mjengaji. Mtoto aliyelishika hili haandiki "mwandiki", na akikutana na neno asilolijua anamtafuta mama wa neno hilo, yaani mzizi wake.

Watachanganya. Mmoja aliniwekea sukari kwenye ukoo wa suka, akijiona fundi. Nikamuuliza, sukari inasukwa? Akafikiri, akaitoa. Sukari ni mgeni, ilitujia kutoka kwa Waarabu, imefanana sura tu. Swali ni hilo hilo kila mara: maana zinashikana? Kama hazishikani, si ndugu.

Imla yangu basi haina maneno kumi yaliyotawanyika. Nasoma neno moja, "linda", wao waandike hilo pamoja na ndugu zake wote wanaowajua. Anayeandika mlinzi, ulinzi, lindwa na lindia nampa alama ya kila ndugu. Aliyeandika linda peke yake naye nampa moja, na hatuchekani.

Dakika ishirini baada ya alasiri zinatosha. Ukizidisha, macho yote yanakwenda kwa punda wanaopita. Na vizibo uvihesabu kabla hawajaondoka. Vya kwangu vyenye "ku" vimebaki viwili, vingine nimeviona vinachezewa ufukweni.