Kusoma jalada la barua za TANU za majimboni

Wengi wakifungua jalada la barua za TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, la miaka ya 1950 au 1960, hukimbilia sahihi. Anza juu ya karatasi: kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha mwandishi na cha mwandikiwa. Barua moja peke yake hupotosha. Inayofaa ni barua pamoja na jibu lake, na kumbukumbu namba ndiyo inayokupeleka kwenye jibu hilo.

Kwa aliyeko Dar es Salaam, mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, kisha mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Shughulikia kibali cha utafiti mapema. Ingia na penseli, si kalamu ya wino, na usilowanishe kidole kwa mate kufunua kurasa: nakala za kaboni zilipigwa kwenye karatasi nyembamba mno, huchanika pembeni penye pini zenye kutu.

Katika jalada la ofisi, barua mpya huwekwa juu. Soma kutoka chini kwenda juu, ukiandika namba ya kila ukurasa. Namba ikiruka, iandike pia. Pengo hilo lina maana.

Cheo husaidia kukisia tarehe iliyofutika. “Katibu wa Jimbo” ni lugha ya enzi ya majimbo ya kikoloni. Baada ya uhuru wa 1961 majimbo yaligawanywa kuwa mikoa. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu tangu 1962 Mkuu wa Mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Mtu mmoja, kofia mbili. Tazama kichwa cha karatasi na muhuri kabla ya kuamua kama anaagiza kwa niaba ya serikali au ya chama, na hata hivyo mpaka kati ya viwili hivyo mara nyingine haupo.

Jimbo la Ziwa, yaani upande wa Ziwa Victoria, lataka uangalifu wa pekee. Serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU huko kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Ukikuta barua chache za matawi ya Mwanza za miaka hiyo, usihitimishe kwamba watu walilala. Fungua majalada ya vyama vya ushirika wa pamba, na ya polisi na mabwana shauri (maofisa wa kikoloni wa wilaya), ambao waliandika kwa bidii kuhusu mikutano waliyoikataza. Lakini yasome ukijua nani anaripoti: idadi ya wahudhuriaji kwenye taarifa ya bwana shauri usiinakili kabla ya kuilinganisha na barua ya tawi au gazeti la wiki ileile.