Kabla hujamlaza mbwa wako kituoni, uliza kwanza habari za usiku

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye mabanda ya kulaza mbwa wa watu wanaosafiri. Wateja huuliza kuhusu uwanja wa kuchezea na picha watakazotumiwa kwenye simu. Swali ninalolisikia kwa nadra ndilo ningeliuliza mimi: saa nane za usiku, nani yupo hapa?

Hatua ya 1: Ulizia usiku

Usizunguke, uliza hivyo hivyo. Kuna vituo ambavyo mtu wa mwisho hufunga geti saa moja jioni na kurudi saa moja asubuhi. Hizo ni saa kumi na mbili ambazo mbwa wanabaki peke yao, pengine na kamera isiyotazamwa na yeyote. Ukiambiwa "tuna mlinzi", endelea kuuliza, maana mlinzi analinda geti. Je, atamtambua mbwa anayejikamua kutapika bila kutoa kitu, huku tumbo likivimba? Hizo ni dalili za tumbo kujaa gesi na kujipinda. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na huweza kuua ndani ya saa chache. Basi uliza: anayelala hapa analala karibu kiasi cha kusikia? Daktari gani wa mifugo anapokea wagonjwa usiku, na mbwa atapelekwa kwa gari la nani? Mwenye kujua kazi yake huwa na majibu haya mdomoni.

Hatua ya 2: Kaone wanapolala

Mapokezi yasikushughulishe, kila mtu hupamba mapokezi. Omba kuingia mabandani, na utumie pua. Mkojo wa leo haukwepeki, ila harufu iliyoganda ukutani ni uchafu wa siku nyingi, na manukato makali yananitia shaka zaidi. Uliza sakafu inasafishwa kwa dawa gani. Virusi vya parvo, vinavyowatapisha na kuwaharisha mbwa vibaya, hukaa kwenye mazingira kwa miezi, na sabuni peke yake haiviui. Jibu zuri ni dawa kama klorini iliyochanganywa na maji, ikaachwa kama dakika 10 kabla ya kusuuzwa.

Angalia pia kama mbwa wa nyumba tofauti wanalala na kula mbalimbali, na kama kuna milango miwili kabla ya kufika nje. Mbwa mgeni hupenda kuchoropoka wakati wa kupokelewa.

Hatua ya 3: Wakikudai kadi ya chanjo, furahi

Wakimpokea wako bila kuangalia kadi, ujue na wa banda la pili kaingia vivyo hivyo. Kichaa cha mbwa, distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa), parvo na kikohozi cha mabandani ndizo chanjo za kuulizia. Ya kikohozi usiiache hadi siku ya safari, kwa kuwa kinga huchukua muda kujengeka.

Hatua ya 4: Usiku mmoja wa majaribio

Fanya hivi wakati bado uko mjini. Peleka chakula chake mwenyewe, kila mlo kwenye mfuko wake, kwani kubadilishiwa chakula ghafla huleta kuhara. Ongeza kitambaa chenye harufu yako (godoro la bei mbaya liache nyumbani, litatafunwa) na barua ya kuruhusu matibabu, ikitaja gharama isizidi kiasi gani.

Hatua ya 5: Siku ya kumchukua

Sauti kukauka na kulala mchana kutwa kusikutishe. Muulize aliyemhudumia: alikula kiasi gani, choo kilikuwaje, alitulia saa ngapi? "Alikuwa vizuri tu" ni jibu la mtu ambaye hakumtazama. Mbwa akianza kukohoa kama aliyekwamwa na mfupa ndani ya wiki mbili hivi, mpeleke kwa daktari, kisha pigia kituo simu ili wenye mbwa wengine nao waambiwe.