Kuangalia sayari ya Mshtarii (Jupiter) ukiwa Moshi, na binokula ya kuazima

Maelekezo mengi ya kuangalia anga yameandikwa na wazungu, wanakwambia msimu wa baridi ndo mzuri, sasa mtu wa Moshi anasubiri Julai, anavaa sweta anatoka nje anakuta wingu limeshuka toka mlimani limefunika kila kitu. Baridi yao ni Desemba mpaka Februari, na huku kwetu hicho ni kiangazi, vuli imeshaisha, joto na vumbi ila anga mara nyingi liko wazi. Hiyo ndo miezi yako. Julai lala tu.

Teleskopu usinunue kwanza. Zile za bei poa zilizoandikwa kwenye boksi zinakuza mara 500 zinatetemeka hata ukipumua. Tafuta binokula ya 10x50, yani inakuza mara 10 na vioo vya mbele vina upana wa milimita 50, na sisi huku hatuna shida sana maana kila ukoo una dereva wa watalii, muazime wakati hana safari. Ukikutana nayo ya mtumba pale soko la Memorial, kabla hujalipa angalia nguzo ya umeme ya mbali kwa macho yote mawili, ukiona nguzo mbili rudisha, hata akupunguzie vipi.

Kuitambua sayari: nyota inametameta, sayari imetulia. Mshtarii inang'aa kuliko nyota yoyote, Mirihi ina wekundu. Zuhura ndo kali kuliko zote lakini haiendi mbali na jua, ni magharibi jioni au mashariki alfajiri, kwaiyo ukiona kitu kinawaka utosini saa sita usiku hiyo sio Zuhura. Ukishindwa weka Stellarium kwenye simu, ni app ya ramani ya nyota, ila hakikisha imeandika upo Moshi, maana ramani za Ulaya zitakuchanganya, zile nyota tatu za mkanda wa kundi la nyota la Orion huku zinapita karibu na utosi kabisa na nyota ya kaskazini hata haichomozi.

Kwa sayari uani panatosha, taa za mji hazizisumbui sana. Vimondo ndo vinataka giza, vile vinavyoitwa Geminidi vya usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba nenda tambarare za upande wa mashamba ya miwa ya TPC, usiende peke yako, na subirini mpaka kama saa nane usiku. Macho yanahitaji dakika 20 hivi kuzoea giza, ukifungua simu mara moja umeanza upya. Tochi ifunge na kipande cha kanga nyekundu.

Alafu mikono. Mi siku ya kwanza niliona kitu kinarukaruka kama kimulimuli nikajua nimeibiwa, kumbe shida ni viwiko vyangu. Kaa chini, egemea ukuta, viwiko juu ya magoti, au simamisha ufagio wa mti mrefu kichwa juu uilaze binokula pale. Ikitulia utaona kiduara kidogo na vidoti kwenye mstari mmoja, hiyo ni miezi inayoizunguka Mshtarii, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile Galileo aliiona mwaka 1610. Chora kwenye daftari. Mi nilichora vitatu kushoto kimoja kulia, kesho yake viwili viwili, Io inazunguka kwa chini ya siku mbili ndo maana. Ukihesabu vitatu tu usishtuke, kimoja kiko mbele au nyuma ya sayari.

Pete za Zohali kwa binokula huzioni, utaona kidoti kimevimba tu, hapo ndo utafute mtu mwenye teleskopu.

Waambie majirani mapema. Mlinzi wa nyumba ya pili alinimulika akidhani nachungulia madirisha, nikampa aangalie, akakaa kimya muda mrefu alafu akauliza "sa hivi vitoto vyake vinne vinalala saa ngapi?"

Februari 2027 usipange safari, dunia inapita katikati ya jua na Mshtarii tarehe 10 au 11, alafu Mirihi tarehe 19, yani jua likizama zenyewe zinachomoza na zinakaa mpaka asubuhi. Ila jua likiwa bado lipo, hata kipande, binokula isielekezwe huko kabisa, utapofuka.