Ndugu wasipotezane wakiwa malezi ya kambo

Binti ninayemlea kwa malezi ya kambo, yaani kukabidhiwa na ustawi wa jamii mtoto usiyemzaa, alifika kwangu Dodoma akiwa na miaka saba. Neno lake la kwanza: "Kaka yuko wapi?" Kaka alikuwa kwa mlezi mwingine Kondoa, na kitinda mimba wao kwenye makao ya watoto.

Ukikabidhiwa mtoto, kabla hujaweka saini muulize afisa ustawi wa jamii: ana ndugu wangapi, wako wapi, nani anawalea? Majibu yaandikwe kwenye faili. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala, yaani ya watoto wasiolelewa na wazazi wao, uliopitishwa mwaka 2009, unataka ndugu wasitenganishwe ila kwa sababu nzito, na wakitenganishwa wasaidiwe kuwasiliana. Mimi nilichelewa kuuliza. Miezi mitano ilipita binti hajasikia sauti ya kaka yake, na inaniuma mpaka leo.

Namba ziandike kwenye daftari: ya mlezi, ya jirani yake, ya mwalimu. Laini hupotea.

Simu iwe na siku yake. Sisi ni Jumapili baada ya chakula cha jioni. Mwanzoni ilikuwa "Shikamoo kaka", "Marahaba", kisha kimya. Nikawaambia wategeane vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Sasa wanategeana hata vile vya bibi yao, ambavyo mimi sivijui. Wakianza, mimi natoka nje. Na usimnyime simu hiyo kwa sababu kavunja sahani.

Kuonana, tumieni likizo za Juni na Desemba. Afisa aridhie safari, walezi mchangiane nauli. Wakikutana wapeni kazi moja, kama kuchambua mchele, wasikae kama wageni.

Baada ya kuonana mara ya kwanza, binti alilia, akagoma kula siku mbili, akakojoa kitandani. Majirani wakasema, "Mwache asahau." Usiwasikilize. Alikuwa analilia kuachana na kaka yake, na dawa ya hilo ni kujua watakutana lini tena. Nilimpa kalamu akaizungushia duara tarehe kwenye kalenda, akaja mezani. Lakini mtoto mwenyewe akikataa, au kama nduguye alikuwa akimuumiza, usimlazimishe. Zungumza na afisa kwanza.

Sasa kuna familia inataka kumuasili kitinda mimba, yaani awe mtoto wao kisheria. Kabla shauri halijafika mahakamani nimempelekea afisa bahasha awape: picha ya watoto wote watatu, namba zetu, na barua ya binti yenye vitendawili sita, bila majibu.