Kupanda Lushoto kutoka Mombo

Ukitokea Dar kwa barabara ya Arusha, pale Mombo unakata kulia, na kama huna gari shuka hapohapo tafuta kosta. Ni kama kilomita 33 hivi, lami yote ila nyembamba, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, so kona zote piga honi, na wakati wa kushuka weka gia ndogo usikalie breki zitachemka. Njia hii walichonga Wajerumani, enzi hizo Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Ukifika Soni, mji mdogo hapo njiani, lazima usimame uone maporomoko, ununue na mapeasi, aisee matamu! Hapo kuna njia ya Bumbuli, we nyoosha ya Lushoto. Mnaokwenda Mtae mnapita Lushoto mnaendelea mbele, mvua zikikolea ulizeni madereva kwanza.