Somo: Kuunga bomba la shaba lililoharibika ncha, mahali mkono hauenei

Maungio yakivuja, wengi hulaumu kifaa. Mara nyingi kosa liko kwenye ncha ya bomba: imebonyea, ina kovu la koleo, au imekuwa na umbo la yai. Ringi, ile pete inayobanwa na nati juu ya bomba, haishiki ncha isiyo duara, hata ukaze mpaka nati ipasuke.

Hapa tunaunga bomba la 15 mm kwa soketi ya kubana, ile yenye nati na ringi kila upande. Moto tumeuacha makusudi. Katika nyumba za Lamu bomba hupita chini ya boriti za mikoko au karibu na makuti, na tochi ya gesi kwenye upenyo kama huo ni kutafuta balaa.

Vifaa: soketi ya kubana isiyo na kizuizi ndani, ili iweze kuteleza juu ya bomba, kikata bomba kidogo cha kuzungushwa kwa vidole, tupa ndogo, msasa laini, kalamu ya wino mzito, na spana mbili fupi za mdomo wazi. Spana malaya iache nje, kichwa chake ni kinene.

1. Funga valvu chini ya tangi, fungua koki ya chini kabisa mpaka maji yaishe. Zima umeme wa nyumba nzima, maana mabomba ya shaba ya zamani huenda yameungwa na waya wa ethi.

2. Kata ncha mbovu mpaka ufike kwenye shaba nzima. Kaza kikata kidogo tu kila mzunguko. Ukiharakisha, unabonyeza bomba na kuliachia ukingo ndani. Kikata kisipozunguka, tumia bledi tupu ya msumeno wa chuma, meno 32 kwa inchi, upande mmoja umeufunga kitambaa. Kisha ondoa makali ndani na nje kwa tupa.

3. Jaribu ringi. Ivae kwa vidole bila kulazimisha. Ikikwama, ncha si duara: kata tena kidogo nyuma. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta watu usiku na ndoo.

4. Safisha kwa msasa ukizunguka bomba. Mikwaruzo inayokwenda na urefu wa bomba ni mifereji ya maji chini ya ringi.

5. Pima kiwiliwili cha soketi, gawa kwa mbili, tia alama kwenye kila ncha. Vaa nati, kisha ringi, pande zote mbili. Telezesha soketi yote upande wenye bomba refu lililo wazi, linganisha ncha, uirudishe mpaka alama zote mbili ziwe kwenye midomo yake. Kati ya ncha pasizidi 2 au 3 mm. Pengo likiwa kubwa, kata kipande kipya na utumie soketi mbili. Ya mwisho kuvaa ndiyo lazima iwe ya kuteleza.

6. Kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja hadi mmoja na robo. Penye finyu, panga mikono ya spana ikaribiane, moja kwenye nati na nyingine kwenye kiwiliwili, kisha uibane pamoja kwa kiganja kimoja. Nguvu inaishia hapo hapo, bomba halijipindi ndani ya ukuta. Tepu kwenye threadi haisaidii kitu, maji yanazuiwa na ringi.

7. Fungua maji polepole. Tangi lililo mita 3 juu ya maungio linatoa baa 0.3 tu, na tone linaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza. Funga karatasi ya tishu kavu, iache usiku kucha. Ikilowa, ongeza moja ya nane ya mzunguko.

Maswali

Swali (Shela): Assalamu alaykum fundi. Bomba limebaki sentimita 2 tu nje ya ukuta. Litatosha?

Jibu: Waalaykumu salaam. Halitoshi. Unahitaji nafasi ya nati, ringi na nusu ya soketi, kama sentimita 4. Chimbua chokaa kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi. Mashine ya kutoboa itapasua jiwe la matumbawe na kulegeza plasta ya jirani. Usizibe tena juu ya maungio. Weka kifuniko kidogo cha mbao kinachofunguka.

Swali (Malindi): Nina kipande cha bomba la eyasi (kiyoyozi), kinaonekana sawa ila hakiingii kwenye soketi.

Jibu: Hilo ni la 5/8 ya inchi, yaani 15.88 mm. Usilisage kwa tupa. Nunua la 15 mm.

Swali: Mimi nitalehemu, nyumba yangu ni ya zege. Maji yanaendelea kudondoka, lehemu haikamati.

Jibu: Maji yanaiba moto. Sukuma ndani ya bomba sehemu laini ya boflo (mkate), bila ganda, kisha ulehemu haraka. Ukimaliza, fungua koki iliyo karibu ukiwa umeshatoa chujio la mdomoni, boflo litoke. Kwa maji ya kunywa tumia lehemu isiyo na risasi.

Swali: Naweza kuunga shaba na bomba la mabati?

Jibu: Mabati yatangulie, shaba ifuate, kwa mwendo wa maji. Ukigeuza, chembe za shaba zinazobebwa na maji zitakula zinki na mabati yatatoboka.

Swali: Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nati za brasi zinageuka rangi ya waridi.

Jibu: Zinki imeliwa, imebaki shaba yenye matundu. Usizikaze tena, zitakatika. Badilisha kwa brasi yenye chapa ya CR au DZR, yaani isiyoliwa zinki kwa urahisi.